Kusubiri Bila Kusimama: Namna Programu za Mtandao Zinavyohudumia Watu Wengi kwa Wakati Mmoja



Karibu kila mmoja wetu anayeishi au kufanya biashara hapa Kariakoo amewahi kulipa kwa simu. Unabonyeza namba, unaandika kiasi, unaweka namba ya siri, kisha simu inakuambia kwamba ombi lako limepokelewa, subiri ujumbe. Ujumbe wenyewe huja baada ya sekunde chache, na siku nyingine baada ya dakika kadhaa. Wanafunzi wa darasa la juu, ambao wengi wao hushinda madukani na wazazi wao baada ya shule, huuliza swali zuri: kwa nini mtambo usijibu pale pale kwamba fedha imelipwa au haikulipwa? Kwa nini upokee ombi sasa na kuleta jibu baadaye?

Jibu lake ni mlango mzima katika elimu ya kutunga programu za kompyuta, nao unaitwa programu za asinkroni, yaani programu ambazo hazisimami kazi kwa sababu zinasubiri jibu. Katika mlango huo kuna njia mbili zinazotumika sana, kolibeki na korutini. Makala haya yanaeleza njia hizo kwa lugha nyepesi, na mwishoni yanaonesha faida yake kwa mtu anayeuza au kununua, hata kama hatatunga programu maishani mwake.

GHARAMA YA KUSUBIRI

Kompyuta ni nyepesi mno kuliko tunavyodhani, na mtandao ni mzito mno kuliko tunavyodhani. Prosesa ya kawaida hupiga hatua bilioni 1 au zaidi kwa sekunde moja. Tuchukue hiyo bilioni 1 iwe kipimo chetu.

Sasa tupime safari ya ujumbe. Kabla ya mwaka 2009 intaneti ya Dar es Salaam ilitegemea satelaiti kwa kiasi kikubwa. Satelaiti za namna hiyo hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ombi lilipanda na kushuka, kisha jibu likapanda na kushuka, jumla zaidi ya kilomita 143,000. Hata kwa kasi ya mwanga, safari hiyo huchukua karibu nusu sekunde. Tarehe 23 Julai 2009 mkongo wa SEACOM uliopita chini ya bahari na kutua Dar es Salaam ulianza kazi, na mwaka uliofuata ukaja mkongo wa EASSy. Safari ikafupika sana. Hata hivyo umbali haukufutika. Kutoka hapa hadi London ni karibu kilomita 7,500 kwa mstari ulionyooka, na mwanga ndani ya mkongo husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi haiwezi kupungua sekunde 0.075, na mikongo yenyewe haiendi kwa mstari ulionyooka.

Sekunde 0.075 kwetu si kitu. Lakini kwa prosesa ni hatua milioni 75. Kama kila hatua ingekuwa sekunde moja ya mwanadamu, prosesa ingesubiri zaidi ya miaka miwili ndipo ipate jibu. Na mteja anayetafuta miwani yake ili aweke namba ya siri, akatumia sekunde 20, kwa kipimo hicho hicho ameiweka prosesa miaka zaidi ya 600!

Tukifanya hesabu ya duka, jambo linakuwa wazi zaidi. Ikiwa seva, yaani kompyuta inayohudumia wengine, itamshughulikia mteja mmoja mpaka amalize, na kila mteja akachukua sekunde 20, basi kwa saa nzima itahudumia wateja 180 tu. Wiki ya mwisho kabla ya Idi, Kariakoo peke yake ingeielemea. Na muda wote huo seva haina kazi yoyote inayofanya. Imesimama tu kungoja.

NJIA YA KWANZA: MHUDUMU MMOJA KWA KILA MTEJA

Dawa ya awali ilikuwa kuajiri wahudumu. Kila mteja anayeingia anapewa mhudumu wake ndani ya kompyuta, na mhudumu huyo akisubiri, wengine wanaendelea. Watunzi wa programu huwaita wahudumu hao nyuzi. Njia hii ni nyepesi kuielewa na mpaka leo ina mahali pake.

Tatizo ni kwamba kila uzi unataka nafasi yake katika kumbukumbu ya kompyuta. Katika mfumo wa Linux, kwa kawaida kila uzi hutengewa nafasi ya hadi megabaiti 8, ingawa si yote hutumika. Wateja 10,000 ni karibu gigabaiti 80 zilizotengwa. Tena kompyuta inatumia nguvu nyingi kuwabadilisha wahudumu hao, huyu akae, yule asimame. Mwaka 1999 mhandisi wa Marekani, Dan Kegel, aliandika juu ya jambo hili na kulipa jina la C10K, yaani tatizo la wateja elfu kumi. Hoja yake ilikuwa kwamba mashine za wakati ule zilikuwa na nguvu za kutosha kuwahudumia wateja 10,000 kwa mara moja, isipokuwa utaratibu wa programu ndio uliokuwa unazikwamisha.

Ni kama duka lenye meza moja na wahudumu mia, tisini na tisa kati yao wamesimama wanaangalia mlango. Tatizo hapo halimalizwi kwa kuajiri wengine. Linataka utaratibu mwingine wa kungoja.

NJIA YA PILI: KOLIBEKI

Utaratibu huo wafanyabiashara wetu wanaujua tangu zamani. Mteja ametoka Morogoro, anataka korja mbili za kanga za aina ambayo dukani imekwisha lakini stoo ipo. Mwenye duka hafungi duka kwenda stoo, wala hasimami kumtazama mteja machoni mpaka mkokoteni ufike. Anamwambia, "Niachie namba yako, mzigo ukifika nitakupigia." Kisha anageukia mteja mwingine. Mzigo ukifika, anapiga simu.

Hiyo ndiyo kolibeki, yaani mwito wa kurudi. Programu inapotuma ombi kwenye mtandao hutoa vitu viwili kwa pamoja: ombi lenyewe, na kipande cha programu kitakachoitwa jibu likifika. Baada ya hapo inaendelea na mambo mengine. Wale waliokuwa na simu miaka ya 2000 watakumbuka kubipu. Uliacha bipu, ukaendelea na shughuli zako, ukijua kwamba mwenzako mwenye salio atakupigia.

Ndani ya seva kuna kitu kinachoitwa mzunguko wa matukio. Kazi yake ni kuuliza bila kuchoka: kuna jibu lililofika? Kama lipo, huita kolibeki yake, na ikimaliza huuliza tena. Mhudumu ni mmoja, meza ni moja, lakini maelfu ya wateja wanahudumiwa kwa sababu hakuna anayesimamiwa bila sababu. Programu ya nginx, aliyoitoa Igor Sysoev wa Urusi mwaka 2004, imejengwa juu ya fikra hii ya matukio. Mwaka 2009 Ryan Dahl alitoa Node.js, na kolibeki zikawa ndiyo lugha ya kila siku ya vijana wengi wanaotunga programu za mtandao.

Mfano ulio karibu nasi ni GePG, mfumo wa Serikali wa kukusanya malipo kwa njia ya kielektroniki, ulioanza mwaka 2017. Wengi wetu tunaujua kwa ile namba ya tarakimu 12 ambayo watu huiita kontroli namba. Kinachotokea nyuma ya pazia ni hiki:

1. Mfumo wa taasisi unatuma bili kwa GePG.
2. GePG inajibu kwamba imepokea. Jibu hili bado si namba ya malipo.
3. Namba ikishatengenezwa, GePG yenyewe ndiyo inayoita anuani ya taasisi na kuileta.
4. Taasisi inakiri kwamba imeipata.
5. Mwananchi akishalipa, kwa benki au kwa simu, GePG inaita tena kuleta taarifa ya malipo.

Jirani zetu Kenya wana mfano kama huo. Huduma ya M-Pesa ilianza kwao mwaka 2007, na hapa Tanzania mwaka 2008. Mwaka 2017 Safaricom ilifungua lango linaloitwa Daraja, ili programu za wafanyabiashara ziweze kuomba malipo zenyewe. Programu ya duka inaomba, Daraja inajibu kwamba ombi limekubaliwa kushughulikiwa na kutoa namba ya utambulisho wa ombi hilo. Mteja anaona kwenye simu yake ujumbe wa kuweka namba ya siri. Akimaliza, au akikataa, Daraja inaita anuani ya duka na kuleta matokeo kwa tarakimu: 0 maana yake malipo yamefaulu, 1032 mteja ameghairi, 1037 simu yake haikupatikana.

Sasa lile swali la wanafunzi limejibika. Mtambo hauwezi kukuambia "imelipwa" pale pale kwa sababu wakati huo bado haujui. Unachojua ni kwamba umepokea ombi. Neno "limepokelewa" na neno "limelipwa" ni habari mbili tofauti, na mwenye kuzichanganya atapata hasara.

UZITO WA KOLIBEKI

Pamoja na faida yake, kolibeki ina uzito kwa mtunzi wa programu. Kazi moja inakatwakatwa vipande vingi. Tuseme oda ya kanga inahitaji mambo matatu, kila moja linasubiri mtandao: kupokea malipo, kuuliza stoo, na kumtumia mteja ujumbe. Kwa kolibeki itaandikwa hivi:

Omba malipo. Jibu likija, fanya A.
A: kama yamefaulu, uliza stoo. Jibu likija, fanya B.
B: kama mzigo upo, tuma ujumbe kwa mteja. Jibu likija, fanya C.
C: funga oda.

Hatua tatu bado zinasomeka. Zikifika kumi, tena zenye "kama" na "vinginevyo" katikati, msomaji anapotea. Kipande A kikiitwa hakikumbuki chochote kilichokuwa kabla yake, isipokuwa kile ulichokipa mkononi: oda ni ya nani, ni korja ngapi, bei gani. Ukisahau kumpa kitu kimoja, kazi imeharibika. Na kosa likitokea ndani ya B, yule aliyeanzisha oda ameshaondoka zamani, kwa hiyo hakuna wa kulipokea. Linaanguka chini kimya kimya, na mteja anabaki anangoja ujumbe ambao hautakuja.

NJIA YA TATU: KORUTINI

Ingieni sasa katika chuo chetu baada ya alasiri. Mwalimu ni mmoja, wanafunzi ishirini. Huyu yuko juzuu ya kwanza, yule juzuu ya kumi, na mdogo yule bado anajifunza alif na be. Mwalimu anamsikiliza mmoja mpaka anapokwama, anamwambia, "Kaa pale, rudia mara tano, ukiwa tayari njoo." Mwanafunzi anaweka kijiti chake pale alipoishia. Mwalimu anamwita mwingine. Wa kwanza akirudi, haanzi upya. Anafungua penye kijiti na kuendelea na neno linalofuata.

Korutini ni mwanafunzi mwenye kijiti. Ni kipande cha programu kinachoweza kusimama katikati ya kazi yake, kikaachia zamu, kisha kikaendelea pale pale kilipoishia, na vyote kilivyokuwa navyo mkononi vikiwa salama. Programu ya kawaida ikiitwa huanza mwanzo na kuishia mwisho. Korutini ina ruhusa ya kutua njiani.

Jambo hili si jipya. Melvin Conway wa Marekani alibuni jina la korutini mwaka 1958, na mwaka 1963 akachapisha makala akieleza jinsi alivyolitumia katika programu ya kutafsiri lugha ya COBOL. Fikra yake ilikuwa vipande viwili vya programu vinavyopokezana zamu, hiki kinasoma herufi na kile kinaunda maneno, bila mmoja kuwa bwana wa mwenzake. Lugha ya Simula ya Norway ilikuwa na korutini katika miaka ya 1960. Baada ya hapo zikakaa pembeni kwa muda mrefu, mpaka mtandao ulipozirudisha. Lugha ya Go ilitangazwa mwaka 2009 ikiwa na jamii yake ya korutini. C# ikafuata mwaka 2012, Python mwaka 2015, JavaScript mwaka 2017, na Kotlin, ambayo hutumika sana kutunga programu za simu za Android, ikazithibitisha rasmi mwaka 2018. Katika nyingi ya lugha hizo utakuta maneno mawili ya amri: async, linalotangaza kwamba kipande hiki kinaweza kutua njiani, na await, linaloonesha pahala pa kutua. Sisi tunaweza kulisoma hilo la pili kama "subiri".

Oda yetu ya kanga kwa korutini inaandikwa hivi:

malipo = subiri ombi la malipo
kama hayakufaulu: mjulishe mteja, acha
mzigo = subiri jibu la stoo
kama haupo: rudisha fedha, acha
subiri kutuma ujumbe kwa mteja
funga oda

Inasomeka kutoka juu hadi chini kama maelezo ya kawaida. Lakini kila penye "subiri" kijiti kinawekwa na zamu inaachiwa kwa wengine. Jina la mteja na idadi ya korja vinabaki palepale. Kosa likitokea katikati, linapanda juu kwa njia ya kawaida na linaweza kupokelewa. Na uzito wake ni mdogo: katika lugha ya Go kila kazi ya namna hii huanza na kilobaiti 2 tu za kumbukumbu. Kazi elfu kumi ni karibu megabaiti 20, ambazo hata simu ya bei nafuu inazimudu.

Wengi wenu mmeona faida yake bila kuijua. Programu ya simu ambayo huganda ukibonyeza kitufe, kioo kikakataa hata kusogea mpaka mtandao ujibu, mara nyingi ni programu ambayo mtunzi wake ameifanya ingoje pale pale inapochora kioo. Iliyotungwa vizuri hukuonesha kwamba inasubiri, na huku unaendelea kusoma.

MBONA BASI KOLIBEKI HAIJAACHWA?

Mtu anaweza kudhani kwamba korutini imeifuta kolibeki. Haikuifuta. Kwanza, ndani kabisa ya korutini kuna mwito wa kurudi: jibu likifika, mzunguko wa matukio ndio unaomwamsha mwenye kijiti. Pili, na hili ndilo kubwa, korutini huishi katika kumbukumbu ya kompyuta moja. Umeme ukikatika, kumbukumbu inafutika, na vijiti vyote vinaanguka. Kati ya duka na mtandao wa simu, au kati ya taasisi na GePG, kila upande una kompyuta yake. Upande mmoja ukizimika na kuwaka tena, ule mwingine lazima uwe na anuani ya kuita. Ndiyo maana baina ya mifumo kolibeki inabaki, na ndani ya mfumo mmoja korutini inatawala.

Hapa ndipo mtunzi mzuri anapotofautiana na mtunzi wa haraka haraka. Kabla ya kusubiri, anaandika. Oda fulani, kiasi fulani, namba ya ombi fulani, hali: inasubiri. Anaandika katika kanzidata, yaani daftari la kudumu ambalo halifutiki umeme ukikatika. Mwanafunzi aliyesoma mlango wa madeni katika fiqhi haoni ajabu. Jambo lenye kuchelewa baina ya watu wawili huandikwa ili lisitegemee kumbukumbu ya mtu. Programu nayo haina haki ya kutegemea kumbukumbu yake.

MITEGO MITANO

Kijana atakayeingia katika kazi hii, na mzazi atakayemlipa mtu amtungie mfumo wa duka, waijue mitego hii.

Wa kwanza: mambo hubadilika wakati unasubiri. Dukani imebaki korja moja. Mteja wa kwanza anaagiza, programu inaangalia, ipo, inaanza kusubiri malipo. Wakati inasubiri, mteja wa pili anaagiza, programu inaangalia, bado ipo. Wote wawili wanalipa. Korja ni moja. Mhudumu alikuwa mmoja na hakukosea hesabu hata mara moja, ila aliamini baada ya kusubiri kile alichokiona kabla ya kusubiri. Dawa yake ni kuiwekea alama korja ile kabla ya kusubiri, kwamba imeshikwa na fulani, au kuangalia upya baada ya kusubiri.

Wa pili: jibu huweza kuja mara mbili. Mtandao uliotuma taarifa usipopata ukiri huweza kutuma tena, kwa kuhofia kwamba ya kwanza imepotea. Programu isiyoangalia namba ya ombi itaandika malipo mawili na kutoa mizigo miwili. Kila namba ya ombi ifanyiwe kazi mara moja tu, na ikirudi iambiwe: tumekwisha pokea.

Wa tatu: jibu huweza kutokuja kabisa. Kila kusubiri kuwe na mwisho. Muda ukipita, programu isiseme "imeshindikana" kwa kukisia, maana huenda fedha imeshakatwa. Iulize hali ya ombi kwa namba yake, na mpaka ipate jibu iandike kwamba haijulikani.

Wa nne: korutini hutegemea adabu. Mwanafunzi mmoja akishika zamu na kusoma juzuu nzima bila kutua, kumi na tisa wamekaa bure. Hivyo hivyo kipande chenye hesabu ndefu kisichoachia zamu husimamisha seva nzima. Kazi nzito ipelekwe pembeni, kwa uzi wake wenyewe.

Wa tano: si kila anayepiga simu ni yule uliyempa namba. Anuani ya kolibeki ikijulikana, mtu mwenye nia mbaya anaweza kuiita na kusema "fulani amelipa". Kwa sababu hiyo ujumbe wa GePG hutiwa sahihi ya kidijitali, na mpokeaji huikagua kabla ya kuamini. Mfumo unaopokea habari bila kukagua aliyeileta ni duka lililoachwa wazi usiku.

FAIDA KWA MUUZAJI NA MNUNUZI

Ndugu wasomaji, mitego hii mitano haiko ndani ya kompyuta peke yake. Iko juu ya meza zetu za biashara.

Ewe mnunuzi, ukilipa na ujumbe usije, usikimbilie kulipa tena. Ombi la kwanza huenda liko njiani. Angalia salio lako, angalia orodha ya miamala yako, na uwe na kumbukumbu namba mkononi kabla ya kuwapigia huduma kwa wateja. Kulipa mara mbili ni rahisi, kurudishiwa ndiyo kazi.

Ewe muuzaji, usitoe mzigo kwa kuoneshwa ujumbe ulio kwenye simu ya mteja. Ujumbe unaweza kuandikwa na mtu yeyote. Subiri taarifa iingie katika simu yako au mfumo wako mwenyewe, na ulinganishe kiasi na kumbukumbu namba. Lakini pia usimtuhumu mteja kwa kuwa taarifa imechelewa. Umekwisha soma kwamba kuchelewa ni katika maumbile ya mitambo hii, na mtu mkweli anaweza kuwa amesimama mbele yako fedha yake ikiwa imeshakatwa. Mpe kiti, hudumia mwingine, angalia tena. Hapo umekuwa kama korutini nzuri: hukupoteza muda, hukupoteza mteja, na hukuvunja heshima ya mtu.

Na nyinyi wanafunzi, msidhani elimu hii inataka mashine ya gharama. Chukueni karatasi. Chorueni duka lenye mhudumu mmoja na wateja watatu, kila mmoja akisubiri kitu kwa muda tofauti. Andikeni dakika kwa dakika nani yuko mezani, nani amekaa na kijiti chake, na daftarini kimeandikwa nini. Kisha mzime umeme dakika ya saba, mjiulize: ukirudi, nani atapotea? Mkiweza kulijibu swali hilo bila kumpoteza mteja hata mmoja, mtakuwa mmelielewa jambo ambalo watunzi wengi wa programu hulijua baada ya kumpotezea mtu fedha yake. Baada ya hapo lugha ya Python inapatikana bure, na kompyuta ya kawaida inatosha.

Tunamuomba Allah atupe elimu yenye manufaa na uaminifu katika mali za watu. Wabillahi tawfiq.